Samaki Mwenye Matubwitubwi

Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Waliotunga maneno haya sidhani kama walikuwa na haja kubwa na papa. Papa hana shida ya kutajwa. Hata mtu ambaye hajawahi kulowesha unyayo baharini anamjua. Waliwatetea wale wengine, wanaopita chini kimyakimya bila kuitwa jina na mtu. Methali hii husemwa pale mmoja anaposifiwa peke yake mpaka wenzake wakasahaulika, ilhali nao wana yao makubwa. Mwenye kubisha na aifuate hadithi hii ya tangi la samaki lililojazwa kwa ndoo mbili tu za maji.

Palikuwa na mwanamke mmoja, fundi wa vioo. Kibanda chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na kutwa ungesikia kikatio chake kikilia juu ya kioo, kriii, kisha kimya kidogo, kisha tak! kioo kimegawanyika pale pale alipotaka. Alikata vioo vya madirisha, vya makabati na vya fremu za picha. Vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo, lakini vioo vya wateja vilitoka salama. Fundi huyu aliolewa na mwoka mikate, mgane, mtu mpole kupita kiasi, ambaye hata gunia la unga likimpasukia alikuwa tayari kuliomba radhi.

Mwoka mikate alikuwa na binti mmoja wa darasa la nne, aliyebandikwa jina la Chiriku tangu utotoni kwa wingi wa maneno yake. Aliamka akiongea, akalala akiongea. Mama yake mzazi alipofariki, maneno yalipungua. Fundi alipoingia katika nyumba ile, maneno yaliyobaki yalikatika, kama bomba lililofungwa.

"Mwanangu, huyu ni mama yako mdogo," baba alimwambia siku ya kwanza.

Chiriku aliitikia kwa kichwa, na kuanzia siku ile akamwita Fundi. "Fundi, naomba chumvi." "Fundi, baba amesharudi?" Ungedhani ni mteja aliyeleta fremu yake, anataka kujua itakuwa tayari lini. Tena hakuna ambalo ungeweza kumkanya, maana neno lenyewe ni la heshima. Mtu mzima akiitwa fundi atakasirikia nini? Lakini kila lilipotamkwa lilimchoma mwanamke yule kuliko ncha ya kioo. Hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, na alimpenda binti yule tangu siku alipomwona mlangoni na viatu vyake vilivyobadilishana miguu.

Aliyelikoroga jambo hili zaidi ni shangazi yake Chiriku, dada mkubwa wa mwoka mikate. Shangazi hakuwa mtu mbaya, lakini mdomo wake haukujua likizo.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema siku moja sebuleni, huku akijimiminia chai. "Wewe unajitahidi, naona. Lakini nani kama mama? Mtoto hana raha hapa. Shule zikifungwa nakuja kumchukua, akakae kwangu moja kwa moja."

"Dada, hilo tungemuuliza mwenyewe," mwoka mikate alisema kwa sauti ya chini.

Fundi akarudi kibandani kwake, na Chiriku akaulizwa. Akatazama sakafu, akasema, "Nitakwenda."

Maneno yale yalipenya ukutani hadi kibandani. Mkono wa fundi uliteleza, na kioo cha dirisha alichokuwa anakikata kikapasuka vipande. Akaviangalia vile vipande huku machozi yakimlengalenga. Alijua kwamba shule zingefungwa karibuni, na mtoto akishavuka kizingiti kile na begi lake, kumrudisha itakuwa kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Basi akapiga moyo konde. Vipande vile havikufaa tena dirisha, lakini vilitosha kitu kidogo. Akavipima, akavinyoosha kingo, akavishikanisha kwa silikoni, na silikoni ilipokauka palikuwa na tangi safi la samaki. Akaliweka sebuleni juu ya meza, mahali pasipopigwa na jua. Alikumbuka kusikia kwamba zamani mtoto yule alipenda kusimama mbele ya tangi la samaki la duka la dawa hadi mama yake amvute mkono.

Dukani hakupoteza wakati. "Nipe samaki wazuri," alimwambia muuzaji.

"Samaki dhahabu, mama. Nani asiyewajua?"

Kweli, nani asiyewajua? Fundi alirudi na wawili, wanono, wenye mikia ya kupepea. Jioni ile Chiriku alisogea mezani hatua kwa hatua, akainama, akatazama weee, halafu akauliza, "Fundi, wanakula nini?" Moyo wa fundi uliruka. Lilikuwa swali la kwanza lisilo la chumvi wala la baba.

Furaha hiyo haikudumu. Maji yalianza kuwa kama maji ya mchele. Fundi aliyabadilisha, yakachafuka tena. Asubuhi moja samaki mmoja alikutwa anaelea ubavu juu. Chiriku alisimama na sare zake za shule, akamtazama, wala hakulia.

"Hapa kwetu kila kitu kinakufa," alisema, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Fundi alimrudisha dukani samaki aliyebaki kabla naye hajamfuata mwenzake. Muuzaji aliposikia ukubwa wa tangi alishika kichwa. "Ndoo mbili? Mama, hawa hukua wakajaa kiganja na zaidi, na uchafu wao ni mwingi. Hawa ni wa bwawa. Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?" fundi alijibu, lakini njiani alijiuma midomo kwa aibu. Yeye, ambaye hajawahi kukata kioo bila kupima dirisha kwanza! Alikuwa amenunua sifa, asiulize kama zitaenea nyumbani kwake.

Kesho yake alifunga kibanda, akaenda ofisi ya uvuvi. Alimkuta afisa uvuvi, mama mmoja mwenye miwani na kicheko cha karibu, akamweleza yote bila kuficha, hata habari za mtoto.

"Mfereji unaopita nyuma ya mtaa wenu umeshawahi kuuchungulia?" afisa aliuliza.

"Mule? Mna samaki mule?"

"Tele! Ila hakuna anayewasifu, ndiyo maana humjui hata mmoja. Nitakupa ruhusa uchukue wachache. Lakini chagua kwa kichwa, si kwa macho. Perege mwache, leo ni mdogo, kesho tangi limembana kama kiatu cha mwaka juzi. Kambale ndiyo usithubutu, hata awe kama kidole. Atawamaliza wenzake, kisha ataanza kukutazama wewe." Wakaangua kicheko wote wawili. "Tafuta wasiozidi kidole hata wakizeeka. Wapo wembamba wenye mstari mweusi ubavuni. Hao chukua sita hivi, mmoja akikaa peke yake huishi kwa hofu. Halafu wapo wafupi wanaokaa karibu na matope. Dume ana midomo ya buluu, utamjua tu. Majike hayana rangi ya maana. Dume moja, majike mawili, basi. Wote hao wamezoea maji yetu na joto letu. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo kwanza, dawa yake iishe."

Jumamosi baba alimwomba Chiriku asaidie kubeba ndoo hadi mferejini. Chiriku alikubali kwa sababu ndoo ni nzito, si kwa sababu nyingine, na alihakikisha uso wake unalisema hilo waziwazi. Fundi alikuwa ametengeneza wavu kwa kipande cha chandarua kikuukuu na waya. Walipouinua mara ya kwanza mlikuwa na majani, konokono, na kisamaki kimoja cheusi chenye masharubu.

"Ana masharubu kama mwalimu mkuu!" Chiriku aliropoka. "Tumchukue huyu, Fundi! Huyu huyu!"

Hapo fundi alikuwa njia panda. Angetoa nini ili uso ule uendelee kung'aa! Lakini alikumbuka samaki aliyeelea ubavu juu. "Hapana," alisema. "Huyu ni kambale. Atakua, atawala wenzake wote, na wewe utakuwa unatazama. Sitaki uone hivyo."

Chiriku alinuna. Alimshika kambale yule muda mrefu ndani ya wavu, kisha akauzamisha mwenyewe. "Nenda, mwalimu mkuu," alisema. Baada ya hapo, kumbe amesikia kila kitu, maana alipopata perege mchanga hakungoja kuambiwa. "Wewe nawe utakua. Rudi kwenu."

Walipata wembamba wenye mstari. Walipata dume la midomo ya buluu, na Chiriku akapiga kelele za furaha. Wakapata jike moja, na mwisho jike la pili, la rangi ya matope matupu.

"Huyu mbaya," Chiriku alisema. "Hana hata rangi."

"Tumrudishe?"

Chiriku alifikiri. "Basi aje tu, amsindikize mwenzake."

Shangazi alipopita siku chache baadaye, alichungulia tangini akacheka hadi kanga ikamvuka bega. "Wifi jamani! Watu wanafuga samaki dhahabu, ninyi mmefuga kitoweo!"

Na acheke. Maji yalikaa maangavu. Wembamba walizunguka pamoja, wakigeuka wote kwa mkupuo mmoja. Dume lilitamba kwenye kona yake. Chiriku alianza kuongea tena, ingawa aliongea na samaki. Kutoka kibandani fundi alimsikia akiwasimulia habari za hesabu ngumu, za rafiki aliyemnyima kifutio, za mwalimu mkuu na masharubu yake. Fundi alizima redio ili asikose hata neno. Ilimuuma kidogo kwamba si yeye anayeambiwa, lakini nyumba yenye sauti ya mtoto ilimfurahisha.

Kisha yule jike asiye na rangi akaacha kula.

Alijitenga nyuma ya majani. Chakula kilipotiwa, wenzake walikimbilia, yeye akakipa kisogo. Kidevu chake kilikuwa kimevimba, kimening'inia kama mfuko.

"Matubwitubwi," alisema mwoka mikate, akikodoa macho kwenye kioo. "Mimi nilipougua utotoni nilikuwa hivi hivi."

"Baba, samaki hawapati matubwitubwi."

"Basi tuambie wewe ni nini kingine."

Chiriku hakucheka. Kila akitoka shule alikwenda kwanza mezani. "Anatafuna," aliwaambia, "lakini hali. Anatafuna nini?" Hakuna aliyejua. Samaki akazidi kukonda mgongo, kidevu kikabaki vilevile, na shule zikafungwa. Shangazi akapiga simu kusema anakuja kesho yake, begi la mtoto liwe tayari.

Alfajiri ya siku hiyo, mwoka mikate akiwa ameshakwenda kwenye tanuri lake, fundi alisimama mbele ya tangi na kikombe mkononi. Alikuwa amekata kauli. Mtoto hataondoka na picha ya samaki mwingine mfu kichwani. Alimchota yule mgonjwa taratibu, na mle ndani ya kikombe samaki akafumba mdomo kwa nguvu zake zote.

"Unampeleka wapi?"

Chiriku alikuwa mlangoni na gauni lake la kulalia.

"Nilitaka kumrudisha mferejini," fundi alisema.

"Na mimi ungeniambia nini?"

Fundi alikiziba kikombe kwa kiganja.

"Ungesema amepona, amekwenda kwao." Mtoto alisogea karibu. "Mama naye mlisema anapumzika tu. Mkanipeleka kwa shangazi. Niliporudi hata kitanda chake hakikuwepo. Kila mara mnanificha!"

Fundi angeweza kusema kwamba yeye siku hizo hakuwamo katika nyumba ile. Ni kweli, hakuwamo. Lakini aliona kwamba ukweli huo haungemfaa mtoto kitu, akaumeza. Aliketi sakafuni, kikombe mapajani.

"Nimekosa," alisema. "Niliogopa utamwona akifa, ukazidi kunichukia."

"Sikuchukii," Chiriku alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu. Kisha machozi yakamtoka, na ya fundi nayo yakatoka.

"Basi namrudisha tangini. Akipona tutamwona, na akifa tutamwona, mimi na wewe pamoja. Sitakuficha kitu tena. Hata kama unaondoka leo, nakuahidi."

Walimrudisha wote wawili, mikono minne kwenye kikombe kimoja. Kisha fundi akaenda kibandani, kwa maana alikuwa na kioo cha mteja, na kwa maana hakutaka kuuangalia mlango wa mbele.

Shangazi alifika mchana na mkoba wake mkubwa. Begi la Chiriku lilikuwa tayari ukumbini. Mwoka mikate, aliyefunga tanuri lake mapema, alikuwa amekaa kitini akiyatazama magoti yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshavaa viatu? Vizuri. Na huyu mgonjwa wenu bado yupo?" Shangazi aliinama kwenye tangi, akagonga kioo kwa pete yake. Ghafla akaruka nyuma. "Mama yangu! Amewala! Jamani, samaki anakula watoto!"

Chiriku alifika mbio. Mbele ya jike lile lisilo na rangi palikuwa na vitu vidogo kama punje za ufuta, vyenye macho, na vyote vilikuwa vinakimbilia mdomoni mwake. Mdomo ukafumba. Kidevu kikavimba tena. Mtoto alibaki ameduwaa, kisha akaelewa, na nyumba nzima ikasikia.

"Mama mdogo! Mama mdogo, njoo uone! Njoo haraka!"

Kibandani, fundi aliinua kichwa. Kwanza alidhani anaitwa mtu mwingine. Jina likaja tena, mara hii kwa kelele zaidi, naye akatoka mbio na kikatio chake mkononi.

"Ulikuwa unagonga kioo, shangazi, ukawatisha," Chiriku alikuwa anasema, maneno yakimtoka kama zamani. "Hawali! Anawaficha! Mama mdogo, usisogee, ngoja, tulia, utaona."

Wakapiga magoti wote wanne mbele ya meza, hata shangazi na viungo vyake. Walingoja. Samaki akaja mbele polepole, akatazama huku na huku, akafungua mdomo. Wakatoka mmoja, watatu, kundi zima, wakatawanyika mbele ya uso wake.

"Kwa hiyo hakuwa na matubwitubwi," alisema mwoka mikate, akifuta macho na kujipaka unga usoni.

"Alikuwa na watoto mdomoni," Chiriku alisema. "Ndiyo maana alikuwa anatafuna asile. Angekula angewameza. Siku zote hizo hajala kitu!" Akasogeza uso karibu na kioo. "Mama mdogo, wote ni wake? Au wengine ni wa yule mwenzake?"

"Hatuwezi kumuuliza," fundi alisema. "Mimi nimeona mdomo umefunguka, nao wakaingia."

Chiriku aliwatazama muda mrefu. Kisha akaenda ukumbini, akalichukua begi lake, akalirudisha chumbani. Aliporudi alisimama mbele ya shangazi yake, mikono nyuma.

"Shangazi, nitakuja kukusalimia, lakini nitarudi. Nina kazi hapa. Na tafadhali, usigonge kioo."

Shangazi alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza watu wote walimwona akikifumba bila kusema neno. Akalitazama lile jike la rangi ya matope, akamtazama wifi yake aliyepiga magoti na kikatio mkononi na machozi mashavuni.

"Na mimi siku zote namwangalia yule wa midomo ya buluu," alisema hatimaye. Akamwekea wifi yake mkono begani. "Haya, nimekoma. Lakini mtoto, hivi kweli, nani kama mama?"

"Hakuna," Chiriku alijibu bila kusita. "Huyu ni mama mdogo."

Jioni ile fundi alikata kipande cha kioo cha kutenga kona moja ya tangi, wale wembamba wasije wakawapitia watoto. Chiriku alishika upande wa pili wa futi kamba, akasoma kipimo kwa sauti, akakirudia, akakirudia tena kwa uhakika. Aliongea wakati wote, habari za shule, za kifutio, za mama yake alivyokuwa anamvuta mkono pale duka la dawa, na mama yake mdogo akasikiliza hadi mwisho. Ndipo nami nasema, asifiwe mwenye kusifiwa, ni haki yake. Ila tusisahau kuinama na kutazama chini, kwa maana avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.